Budongo Chini ya Mayi

Bwana yangu Rabson alikuwa mutu wa kelele. Ninaanza na ile, sababu batu benye banamuona leo pa Kashikishi, anapita na macho chini, banafikiri alizaliwa vile. Hapana! Ba Rabson alikuwa anacheka mpaka nyumba ya tatu inasikia. Akirudi asubui na bwato, mbele hata ya kugusa muchanga, alikuwa anaanza kuita jina yangu juu ya mayi: "Clémentine we! Weka mafuta pa moto!" Bamama bote ya soko bananigeukia, banacheka, na mimi haya inanishika, sijue fasi ya kuweka uso. Ile haya, leo ninaitafuta siipate.

Mimi ni mutu wa Pweto, ngambo ya Congo. Nilivuka ziwa ya Mweru na mizigo ya bitenge, nikakuta mwanaume moja wa Kibemba anavunja Kiswahili vipande-vipande na hana hata wasiwasi. Alinichekesha. Njo ndoa yetu ile, miaka kumi na tisa. Yeye alijifunza Kiswahili mu ugomvi wa nyumba, mimi nilijifunza Kibemba mu kanisa. Ninauza bitumbua pa soko ya Kashikishi, karibu na fasi yenye banaanika chisense, ile samaki bidogo-bidogo yenye huku kila mutu anakula na kila nguo inanuka. Yeye alikuwa anavua pamoja na Lombe, mudogo yake, tumbo moja, na ile kelele yao ilikuwa ya batu mbili.

Sasa imepita miaka tatu. Ilikuwa mwezi wa nane, ule mwezi wa upepo. Balitoka batu mbili, bwato ikapinduka, akarudi moja, ameshika jerikani ya njano na mikono imekauka juu yake, ikakuwa lazima bavuvi bamufungue vidole. Lombe hakuonekana. Balimutafuta siku tatu. Siku ya ine mama yao akasema basi, inatosha, mwacheni.

Tulikaa kilio bila maiti. Munajua ile kitu inafanana na nini? Batu banakuja, banalia, banaimba, kiisha banaangaliana, sababu hakuna fasi ya kwenda. Huku kwetu, siku ya kuzika, kila mutu wa jamaa anachukua budongo kidogo ya mukono moja, anaitupa mu kaburi. Kama hukutupa, hukuzika. Pale hapakukuwa shimo, hapakukuwa sanduku. Ba Rabson alikaa juu ya jiwe na mikono yake wazi juu ya magoti, kama mutu mwenye anangojea bamupatie kitu. Hakuna mutu alimupatia.

Toka pale, kelele ikaisha. Samaki hakula tena. Ku ziwa hakushuka tena, na nyumba yetu si mbali na mayi, unasikia mawimbi toka kitanda. Aligeuza kiti yake ikaangalia ukuta. Mwaka muzima! Mimi ni mukali, sifichi. Nilimubembeleza, kiisha nilimufokea, kiisha nikamubembeleza tena. Nilimwambia, "Ba Rabson, mutu mwenye alikufa ni Lombe, si wewe." Neno mubaya kama ile, na nilisema na kinywa yangu mwenyewe.

Njo kaka yangu Gauthier akasema, mulete huku Lubumbashi, abadilishe hewa. Gauthier alikuwa analinda nyumba ya muzungu moja mwenye alikuwa na akwarium mu salon: sanduku kubwa ya kioo, mayi ndani, na bustani ndani ya mayi. Si plastiki. Majani ya kweli, na mizizi yake, mingi mpaka samaki inapotea ndani. Ba Rabson alienda kukaa miezi mbili, akakaa munane. Siku moja Gauthier ananipigia telefone: "Dada, bwana yako anasimama mbele ya ile kitu toka asubui mpaka chakula. Muzungu sasa anamufundisha kukata majani." Nikasema, aibu gani hii! Mutu wa Mweru anafundishwa mayi na samaki na muzungu? Gauthier akasema, "Ngoja. Jana aliuliza swali."

Aliuliza swali. Nilikaa chini pale pale pa soko, mafuta ikaungua, sikujali.

Yule muzungu aliporudi kwao, alimuachia sanduku moja ndogo, pembe moja imekatika kidogo. Batu bengine banavuka ziwa na bwato toka Kilwa, ngambo ya Congo, masaa machache tu, banafika. Ba Rabson alizunguka kwa barabara, Kasumbalesa, Chembe, Mansa, siku ine, kioo imefungwa ndani ya godoro na ameipakata pa magoti kama mutoto. Alishuka pa Nchelenge, hapa karibu, godoro pa kichwa. Nilikimbia kumupokea. Neno ya kwanza aliniambia ilikuwa: "Clémentine, niko na lazima ya budongo."

Budongo! Si "habari ya nyumba", si "bibi yangu umekonda". Budongo. Nikasema mu roho, basi, kichwa imemuruka.

Alienda ku shamba yetu ya zamani, fasi yenye tulikuwa tunalima karanga, akarudi na mufuko muzima. Aliichunga na wavu ya chisense, wavu ya Lombe, ile ya mashimo madogo-madogo, akatoa mizizi, bijiti na mawe. Kiisha akaiweka mu beseni. Beseni yangu ya bunga ya bukari, mukumbuke! Akaweka mayi, akakoroga, akaacha itulie, akamwanga inje ile mayi nyeusi, akaanika budongo juu ya mukeka, pale pale benzake banaanika samaki. Ikakauka. Ninafikiri ameisha. Anairudisha mu beseni! Mayi, kukoroga, kumwanga, kuanika. Mara ine, siku kumi na mbili. Florence, jirani yangu mwenye anauza mihogo, akaniuliza juu ya ukuta, "Ba Clémentine, bwana yenu anapika nini pale?" Nikamujibu, "Anapika bukari ya bazimu." Tulicheka mpaka machozi.

Lakini alikuwa anasema, munaona? Juu ya budongo, alikuwa anasema. Kwanza neno moja, kiisha mbili, kiisha ikakuwa hata kunichosha. Aliniambia: "Budongo mubichi iko na bitu ya kuoza ndani. Ukiifungia chini ya mayi, inaoza bila hewa, inatoa pumzi mubaya, samaki inakufa. Acha ioze hapa, inje, pa jua. Uioshe mpaka harufu iishe. Pale njo inageuka chakula." Nikasema ndiyo, ndiyo, nikaendelea kukanda unga wangu. Sikio yangu ilisikia. Mimi, sikusikia.

Akachanganya na budongo mwekundu ya kichuguu, ile yenye bamama ya mimba bananunua soko na kutafuna. Juu ya nini? Juu ya chuma, akasema. Majani inatamani chuma sawa mama ya mimba. Akapima na vidole: budongo vidole tatu pa chini, na juu yake muchanga ya kijito, yenye imeoshwa mpaka mayi inatoka safi, vidole mbili. "Muchanga ni kifuniko," akasema. "Ile ya chini ibaki chini."

Siku ya kuweka, nilikuwa pa mulango. Mbele ya kumwanga ile budongo yote, alichukua kidogo ya mukono moja. Akasimama wima. Akavua kofia. Akaitupa ndani ya sanduku pole-pole, na midomo yake ilikuwa inatembea. Na mimi, na huu mudomo yangu, nikacheka: "We, unazika nani?"

Akapanguza mikono. Akavaa kofia, akaendelea na kazi.

Majani alienda kuchukua ku kijito ya Kafutuma. Ku ziwa alikataa. Moja mirefu-mirefu sawa kamba ya kiatu, moja ya majani mapana, na moja yenye inalala juu ya mayi na siku moja ingetoa ua. Aliyapanda na kijiti, muzizi kwa muzizi. Kiisha tukangojea. Mwezi muzima, sanduku ya mayi na majani, bila hata samaki moja! Nilimuchokoza: "Ba Rabson, bavuvi benzako bananiuliza kama umeloba nini, niseme umeloba majani?" Akasema mayi ingali changa, ikomae kwanza. Ilipokomaa, akaenda Kafutuma tena, akaleta samaki tisa, nusu ya kidole kila moja, na doa nyeusi pa mukia.

Sanduku ilikaa pa dirisha, jua ya asubui inaipiga kidogo, mangaribi anafunika na kitenge yangu. Kiti yake akaigeuza. Akaacha ukuta, akaangalia mayi. Na mimi, niseme ukweli, nilianza kukaa pale na miye. Majani inakua, siku na siku unaona. Ile mirefu ikafika juu ikapinda. Samaki inapita kati-kati, inatoka, inaingia. Siku moja kipande ya kitumbua ikaniponyoka ndani ya mayi, samaki moja ikaikamata, ikashindwa kumeza, ikakimbia nayo sawa mwizi wa soko, munane yote nyuma yake. Ba Rabson akacheka. Haikufika nyumba ya tatu. Ilifika mpaka mulango tu. Nilienda inje nikalia nyuma ya nyumba, nikarudi nikajifanya ni moshi.

Mwezi wa tisa aliniambia kitu. Alisema, "Mama, huu mwaka bakifunga ziwa mwezi wa kumi na mbili, samaki izae, nitatengeneza wavu. Mwezi wa tatu bakifungua, nitashuka." Nikaogopa nitaivunja ile neno. Lakini toka siku ile nilijua: ile sanduku ikisimama, bwana yangu atasimama. Kila asubui, mbele ya kusali, nilikuwa ninaangalia majani.

Njo mwezi wa kumi, na joto yake, majani mapya ikaanza kutoka njano.

Ba Rabson hakuogopa. Alisoma ile majani sawa mutu anasoma barua. "Jani mupya ikiwa njano na mishipa yake imebaki kijani, ni chuma inakosa. Jani ya zamani ikitoboka mashimo, ni kitu ingine. Hii ni chuma. Budongo imechoka kidogo." Alikuwa na dawa yake: anafinyanga vidonge ya budongo mwekundu, bidogo sawa maharagi, anaikausha, anaisukuma moja-moja na kijiti chini ya muzizi. Lakini ile budongo mwekundu ilikuwa imekwisha. Na siku ile ile ikafika habari toka Kafutuma: shangazi yake amekufa. Akasema atazika, atachimba ya kichuguu kule, atarudi siku ya tano.

Mbele ya kupanda kinga, baiskeli yake, aliniita pa dirisha. "Clémentine, usitie kitu. Samaki, unga kidogo ya ncha ya kidole, mara moja tu. Budongo usiguse. Majani iko na njaa, lakini njaa inaua pole-pole. Kushiba njo inaua siku moja." Nikamwambia, "Ba Rabson, nimekuwa mutoto? Nendeni."

Siku ya kwanza, njano. Siku ya pili, ile majani mirefu ikaanza kuwa nyeupe pa ncha, unaona mayi ngambo yake. Mimi sijue kukaa na kitu yenye inagonjwa mbele ya macho yangu. Sijue! Nilikuwa nimekaa mwaka muzima na mutu anagonjwa mbele yangu na sikuweza kitu. Sasa hii nayo? Nikaona: atarudi, atakuta majani yamekufa, atageuza kiti. Ile njo ilikuwa mu kichwa yangu, kiti ikigeuka.

Florence akanikuta ninaangalia. "Ba Clémentine, musiumize kichwa. Muone migomba yangu." Na migomba yake, kweli, ni ya kutisha: shina nene, majani ya kufunika nyumba. Imesimama pembeni ya shimo yake ya kuloweshea mihogo. Kila mama huku anajua: matope ya shimo ya mihogo, ile nyeusi ti, fasi utaiweka kitu kitaota. Nilikua nikiona mama yangu anaitia mu bustani kule Pweto. Na tena, kila mutoto huku anajua kitu ingine: mbuzi ikikunywa mayi ya ile shimo, inakufa. Ile ya pili pia nilijua. Nilijua yote mbili, na ilikaa mu kichwa moja, na hazikusalimiana. Nilifikiri migomba. Mbuzi sikufikiri.

Telefone yangu ilikuwa na units ya kupiga. Ninasema hii sababu batu bananifariji, "Ee mama, haukuwa na namna." Nilikuwa na namna. Ningemupigia Ba Rabson, ningempigia Gauthier. Sikupiga, sababu nilitaka arudi akute kijani. Nilitaka asimame pale pa mulango na aseme, "Clémentine we!" Njo ile tu. Nilikuwa na tamaa ya kuitwa.

Nilichota matope mu sahani. Ilikuwa inanuka, lakini mihogo yote inanuka, pua yetu imezoea. Nikafinyanga vidonge. Yake ilikuwa ya maharagi. Yangu ilikuwa ya bitumbua. Mimi mupishi, mukono yangu haijue kupima kidogo. Nikaingiza mukono mu mayi mpaka kiwiko, nikafungua ule muchanga, kifuniko yake, nikasukuma vidonge tano chini ya mizizi, nikafunika na kiganja. Mayi ikachafuka kidogo, ikatulia. Nikafurahi! Mungu wangu, nilifurahi. Niliimba wimbo ya kanisa nikioga.

Asubui nikaona mapovu. Inatoka pa muchanga, moja, ingine, moja. Nikasema, ni budongo inapumua. Saa sita harufu ikaanza, ya yai lenye limeoza. Na samaki yote tisa ilikuwa juu kabisa, midomo inje ya mayi, inafungua, inafunga.

Pale njo nikakumbuka mbuzi.

Nilimupigia Gauthier, ninapiga kelele mpaka hasikii. "Tulia, dada! Toa samaki, weka mu mayi safi, upesi! Uliweka nini?" Nikasema, matope ya mihogo. Akasema, "Toa samaki, dada." Nilichukua beseni, ile ile ya bunga, nikaweka mayi ya mvua ya kwanza yenye nilikuwa nimekinga, nikaanza kuzitoa na chujio ya mafuta. Tatu zilikufa pa chujio. Mbili mu beseni, mbele ya mangaribi. Nilikaa chini pembeni yake ninapeperusha ile mayi na mukono ipate hewa, mupaka bega ilikufa ganzi. Florence alikuja, akaona, akaweka mikono pa kichwa. Nikamufukuza. Yeye hakukosa kitu, aliongea migomba yake tu. Lakini nilimufukuza. Siku ya ine zikafa tatu. Ilibaki moja.

Siku ya tano, saa kumi, nikasikia kinga yake. Mufuko ya budongo mwekundu nyuma, imefungwa na mupira. Alifika pa mulango akasimama. Pua yake ilijua mbele ya macho. Mayi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na majani ile mirefu imelala yote upande moja.

Nilisema yote. Sikuficha, sikupamba. Nilipiga magoti pale pa sakafu nikasema, niliweka matope ya Florence, nilifungua muchanga, ni mimi. Nilingojea anipige. Hajawai kunipiga hata siku moja, lakini siku ile nilitaka anipige, ningekuwa na kitu ya kushika. Alivua kofia tu. Akapita, akakaa chini mbele ya beseni.

Ile samaki moja ilikuwa inalala ubavu. Inajigeuza, inalala tena. Ba Rabson aliingiza mukono mu mayi, kiganja juu, akaiweka chini yake, akaisimamisha. Ikikaa juu ya vidole, inapumua. Akitoa, inaanguka. Basi hakutoa. Alikaa vile, mugongo imepinda, mukono mu mayi, toka saa kumi mpaka giza ikaanza kuingia. Nilileta chakula, ikapoa. Niliwasha taa. Nikasikia anasema, na sauti ya kawaida kabisa, sawa mutu anaongea habari ya soko:

"Na yeye nilimushika vile."

Miaka yote ile hakusema. Ba polisi balimuuliza, mama yake alimuuliza, mimi nilimuuliza: ilikuwa namna gani? Hakusema. Nikamuuliza pole-pole, "Nani, Ba Rabson?" Nilijua nani.

"Alikuwa mubaridi. Nilimushika chini ya mugongo na mukono moja, jerikani na mukono ingine. Nilimushika mpaka kukakucha. Kiisha mukono ikachoka, Clémentine. Ikachoka tu."

Akaangalia ndani ya beseni. Samaki ilikuwa imekufa zamani, sijue saa ngapi. Alikuwa ameshika kitu imekufa.

Asubui yake alimwanga mayi ya sanduku inje, akang'oa majani, akaokota budongo yote na mikono, yake ya kuoshwa mara ine pamoja na matope yangu, akaiweka mu beseni. Akabeba beseni pa kichwa. Nikamufuata mbali-mbali. Alipita soko, alipita chisense, akashuka ku ziwa. Bavuvi balisimama. Toka Lombe hakuna mutu alikuwa amemuona pale. Aliingia mu mayi mpaka magoti, akaanza kutupa. Mukono moja, akangoja. Mukono moja, akangoja. Mpaka beseni ikaisha. Pale njo nilielewa siku ile pa mulango, kofia mukononi, midomo inatembea, na mimi ninacheka, unazika nani. Alikuwa amemutengenezea Lombe kaburi ya mayi mu nyumba yetu, safi, yenye kuota kitu. Na mimi nikaingiza mukono mpaka kiwiko, nikaweka sumu ndani.

Nilifikiri, labda sasa itakuwa muzuri. Amemuzika, amesema, labda itatoka. Pastor pia aliniambia vile. Hapana. Alirudi nyumbani, akageuza kiti.

Mwezi wa kumi na mbili balifunga ziwa. Wavu hakushona. Mwezi wa tatu bakafungua, mabwato ikashuka na nyimbo, yeye alikuwa anaangalia ukuta. Ule mufuko ya budongo mwekundu ungali pa kona, umefungwa na mupira ile ile. Mara moja nilijikaza, nikamuambia, "Ba Rabson, twende ku shamba, tuchimbe tena. Mimi nitaosha. Nitaosha mara kumi." Akageuka, akaniangalia muda murefu, bila hasira, na nafikiri hakuniona vizuri.

"Budongo ya nini, mama?" akauliza.

Sanduku, ni yeye mwenyewe aliniletea ku soko. Aliiosha, akaiweka pa meza yangu, akaigeuza chini-juu juu ya bitumbua. "Inzi haitaingia," akasema, akaenda zake. Na kweli haiingii. Bamama banasifu, banasema Ba Clémentine, muko na bwana ya akili, tupatieni na siye kioo sawa hii. Ninasema aksanti. Ninauza mingi kupita mbele.

Mu pembe moja ya kioo, kwenye gundi, kulibaki musitari mudogo ya budongo. Kila asubui ninafuta kioo yote na kitambaa, mbele na nyuma. Nikifika pale, ninapita.